Makao ya kuokoa mbwa: kazi ya alfajiri hadi usiku, na bili inayomgusa hata mkulima

NA MWANDISHI WETU

MBWA jike hubeba mimba kwa muda wa siku 63 hivi. Huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, na si ajabu uzao mmoja kuwa na watoto sita. Mfugaji anayemwacha jike wake azurure kijijini bila kufungwa uzazi anaweza kujikuta, mwaka ukiisha, na watoto 12 wa mbwa asiojua atawapeleka wapi.

Baadhi hupewa majirani. Wengine hutiwa ndani ya gunia na kutupwa karibu na soko, kando ya barabara kuu, au kwenye lango la makao ya kuokoa mbwa kabla hakujapambazuka.

Huenda msomaji akajiuliza mambo ya mbwa koko yanatafuta nini katika kurasa za kilimo na biashara. Jibu ni kwamba mbwa anayetupwa hatoweki. Akikosa kuokotwa, hurudi usiku akiwa na njaa, akawavamia kuku, mbuzi na kondoo. Akikosa chanjo, huleta kichaa cha mbwa. Na akiokotwa, lazima kuwe na mtu wa kununua unga, dagaa na dawa za kumtunza.

Kazi hiyo si ngeni katika kanda hii. Nchini Kenya, chama cha kulinda na kutunza wanyama, maarufu kama KSPCA, kina mizizi yake mwaka wa 1910, na makao yake makuu yako katika Barabara ya Lang'ata, eneo la Karen, jijini Nairobi. Uganda kuna USPCA jijini Kampala, na kaskazini mwa Tanzania, karibu na Arusha, kuna makao yajulikanayo kama Mbwa wa Africa.

Makao mengine madogo huanzishwa na mtu mmoja aliyeokota mbwa wawili watatu, kisha majirani wakazoea kumletea wengine. Wengi wa hawa hugundua wakiwa wamechelewa kwamba kuendesha makao ya mbwa ni sawa na kuendesha shamba la mifugo lisilo na maziwa, mayai wala nyama ya kuuza.

Kazi huanza kabla ya jua

Siku katika makao ya mbwa huanza mwendo wa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Jambo la kwanza si chakula. Mhudumu hupita banda kwa banda akiangalia nani hakuamka, nani ametapika, nani anaharisha na nani amepigana usiku. Kinyesi cha alfajiri humweleza mambo mengi kabla mbwa mwenyewe hajaonyesha dalili.

Baada ya hapo ni usafi. Kinyesi huzolewa kwanza, sakafu husuguliwa kwa sabuni, na mwishowe hunyunyizwa dawa ya klorini. Mpangilio huu haubadilishwi, kwani klorini ikimwagwa juu ya uchafu hupoteza nguvu na viini hubaki hai.

Mpangilio wa mabanda nao una sheria yake. Mhudumu huanza kwa watoto wa mbwa na wale wenye afya, kisha watu wazima, na humalizia kwa wagonjwa na wageni walio karantini. Akianza kwa wagonjwa, viatu na mikono yake vitausambaza ugonjwa makao yote.

Chakula cha kwanza hutolewa mwendo wa saa mbili asubuhi. Mbwa waliowahi kukaa na njaa hupigania sahani, kwa hivyo kila mmoja hulishwa mbali na mwenzake. Katika makao yenye mbwa 60 na wahudumu watatu, zoezi hilo peke yake laweza kuchukua saa nzima.

Kuanzia saa tatu hadi adhuhuri ni muda wa matibabu: kufunga vidonda, kuosha wenye upele, kutoa kupe, kuchanja na kuwafanyia upasuaji wa kufunga uzazi. Wakati huohuo simu hulia. Kuna mbwa aliyegongwa na matatu, kuna aliyetumbukia katika shimo la choo, kuna mpangaji anayehama na hataki kumchukua mbwa wake.

Jioni hulishwa tena, huzungushwa kwa kamba wale wanaofundishwa kutembea na watu, na mabanda hufungwa. Hata hivyo, usiku haumaanishi mapumziko. Mbwa mmoja akibweka, wote huitikia, na majirani hulalamika. Ndiyo maana makao mengi huhamia pembeni mwa mji, ambako ardhi ni ya bei nafuu lakini maji na daktari wa mifugo wako mbali.

Magunia 61 ya unga kwa mwaka

Gharama inayomkosesha mwenye makao usingizi ni chakula. Tufanye hesabu.

Mbwa mzima wa kilo 20 anaweza kukimu siku kwa unga wa mahindi gramu 250 uliopikwa, pamoja na dagaa wakavu au omena gramu 80, na mboga kidogo. Kwa mbwa 60, hiyo ni kilo 15 za unga na karibu kilo tano za omena kila siku.

Kwa mwezi wa siku 30, unga unafika kilo 450, yaani magunia matano ya kilo 90. Omena ni kilo 144. Kwa mwaka mzima, makao hayo yanahitaji magunia 61 ya unga na zaidi ya tani moja na nusu ya omena. Msomaji anaweza kuzidisha kwa bei ya soko la kwao aone mwenyewe.

Hapo hatujahesabu kuni au makaa ya kupikia, maji, sabuni, mshahara wa wahudumu, wala chakula maalum cha jike anayenyonyesha, ambaye huhitaji hata mara mbili au tatu ya kipimo cha kawaida. Maji ya kunywa ni zaidi ya lita 60 kwa siku, na ya kuosha mabanda ni mara nyingi ya hayo.

Baadhi ya makao hupunguza gharama kwa kuchukua matumbo, mapafu na mifupa kutoka buchari na vichinjio. Ni njia nzuri, mradi kila kitu kichemshwe vizuri. Matumbo mabichi yana minyoo, kama tutakavyoona, na mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vikali vinavyoweza kutoboa utumbo, kwa hivyo hutolewa kabla ya chakula kupakuliwa.

Kuna msaada mmoja ambao mwenye makao hapaswi kuupokea hata ukija bure: mahindi yaliyoota ukungu. Wakulima wengi hudhani mahindi mabovu yasiyofaa watu yanafaa mbwa. Sumukuvu inayotokana na ukungu huo, ile iliyoua watu 125 katika eneo la Mashariki mwa Kenya mwaka wa 2004, hushambulia ini la mbwa haraka sana. Nchini Marekani, mwaka wa 2005, zaidi ya mbwa 100 walikufa kwa kula chakula cha dukani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Kupika hakuiondoi.

Maradhi yanayoweza kufagia banda zima

Baada ya chakula, adui mkubwa ni virusi vya parvo. Mtoto wa mbwa aliyeambukizwa hukataa kula, hutapika, kisha huharisha damu yenye harufu kali. Asipotibiwa, uwezekano mkubwa ni kufa. Akitibiwa mapema kwa maji ya mishipa na dawa za kuzuia maambukizi mengine, wengi hupona, lakini tiba huchukua siku kadhaa na humhitaji mtu wa kukesha naye.

Ubaya wa parvo ni kwamba virusi vyake hukaa ardhini kwa miezi mingi, hata mwaka. Sakafu ya saruji huweza kuoshwa kwa klorini, ila udongo hauoshwi. Makao yaliyopata parvo katika uwanja wa udongo hulazimika kuufunga uwanja huo kwa watoto wa mbwa kwa muda mrefu.

Kwa sababu hiyo, kila mbwa mgeni hutengwa kwa angalau wiki mbili, hata akionekana mzima. Watoto huanza chanjo ya parvo na distempa wakiwa na wiki sita hadi nane, na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi wafikishe wiki 16. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi mitatu. Kwa mtoto mmoja wa mbwa aliyetupwa langoni, hizo ni sindano nne au tano kabla hajawa tayari kupelekwa kwa mtu.

Mbwa koko wazima huja na mengine. Upele hutibika, lakini huhitaji wiki kadhaa. Kupe huleta homa zinazokausha damu. Kuna pia uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kujamiiana. Huu hutibiwa kwa sindano ya vinkristini kila wiki, mara nyingi wiki nne hadi sita, na ni dawa ya saratani inayopaswa kushikwa na daktari pekee.

Hatari kwa wahudumu nayo ipo. Kichaa cha mbwa kinaweza kukaa mwilini mwa mbwa wiki nyingi, hata miezi, bila dalili. Hivyo basi, kila anayefanya kazi hii anafaa kuchanjwa mapema kabla hajaumwa.

Mlango ukijaa

Kila mwenye makao hufika siku ambayo nafasi zimeisha na langoni kuna mwingine. Hapo ana njia chache, na hakuna iliyo rahisi.

Akimpokea, mabanda hubanana, mapigano huongezeka na ugonjwa mmoja huweza kuwaangusha wengi. Akimkataa, aliyemleta anaweza kumtupa hatua chache mbele. Njia ya tatu ni sindano ya kifo kwa wagonjwa mahututi au wakali wasioweza kuishi na watu. Kuna makao yanayoikubali na mengine yanayoikataa kabisa. Yale yanayoikataa hulazimika kufunga mlango wakati mwingi, na yale yanayoikubali hubeba lawama za umma.

Nafuu pekee ya kweli ni mbwa kutoka. Lakini mbwa hawatoki kwa kasi wanayoingia. Wanaokuja kutafuta mbwa wa ulinzi mara nyingi huulizia dume, kijana, mwenye damu ya Alsatian. Jike wa kienyeji mwenye miaka mitano, mpole na asiyesumbuliwa na maradhi ovyo, anaweza kukaa bandani miaka.

Anayepata mbwa hulipa ada fulani. Watu wengine hulalamika kwamba wanauziwa mbwa wa bure. Ukijumlisha chanjo, dawa ya minyoo, upasuaji na chakula cha miezi kadhaa, ada hiyo kwa kawaida haifikii nusu ya kilichotumika. Pengo huzibwa na wafadhili, na pale penye nafasi, kwa kulaza mbwa wa wasafiri kwa malipo au kufungua kliniki kwa umma.

Wafadhili nao hupenda kulipia mbwa aliyeokolewa mtaroni na picha yake ikapigwa. Ni vigumu zaidi kumpata wa kulipia bili ya maji au mshahara wa mlinzi.

Hasara inavyofika shambani

Mkulima anayefikiri haya ni matatizo ya watu wa mjini ana sababu nne za kufikiri upya.

Kwanza ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Asia na Afrika, na takriban asilimia 99 ya walioambukizwa huupata kwa mbwa. Nchini Kenya pekee, makadirio ya serikali ni vifo 2,000 kwa mwaka. Watoto ndio huumwa zaidi. Ng'ombe, punda na mbuzi nao hufa, na mfugaji aliyemtia mkono mdomoni ng'ombe akidhani amekabwa na kitu huwa amejiweka hatarini.

Pili ni minyoo. Mbwa anayekula kichwa au matumbo mabichi ya kondoo hupata tegu, kisha huacha mayai yake kwenye malisho. Kondoo akiyameza, moja ya minyoo hiyo hukua ndani ya ubongo, akaanza kuzunguka mahali pamoja mpaka anaanguka. Nyingine husababisha hidatidi, uvimbe wa maji kwenye ini na mapafu, unaompata pia binadamu. Ugonjwa huo umekuwa tishio la miaka mingi miongoni mwa wafugaji wa Turkana.

Tatu ni mimba za ng'ombe kuharibika. Kijidudu kiitwacho neospora hupita kutoka kwa kondo la nyuma au ndama mfu anayeliwa na mbwa, hadi kinyesini, hadi kwenye majani ya ng'ombe. Ng'ombe wa maziwa anaweza kutupa mimba ya miezi mitano au sita bila mwenyewe kujua chanzo.

Nne ni mashambulizi ya moja kwa moja. Mbwa wasio na mwenyewe huwinda kwa makundi, na usiku mmoja hutosha kumaliza kuku wa mjane au mbuzi waliotarajiwa kulipa karo.

Sumu haikusaidia

Kwa miaka mingi, mabaraza ya miji katika kanda hii yalitegemea risasi na chambo cha strikinini. Mbwa walikufa, lakini baada ya miezi nafasi zao zilijazwa na wengine kutoka mitaa jirani, wachanga na wasiochanjwa. Chambo hicho pia huua mbwa wa mfugaji aliyechanjwa, paka, na ndege wanaokula mizoga.

Kisiwa cha Flores nchini Indonesia kiliingiwa na kichaa cha mbwa mwaka wa 1997. Mbwa waliuawa kwa malaki, ila ugonjwa ukabaki.

Mfano wa kinyume uko karibu nasi. Pemba ilianza kuchanja mbwa kwa wingi mwaka wa 2010, na kufikia 2014 kichaa cha mbwa kilikuwa kimetokomezwa. Mwaka wa 2016 kiliingizwa tena. Chanjo ikarudiwa, na kufikia mwishoni mwa 2018 kikazimwa mara ya pili. Wataalamu husema asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa kila mwaka, ugonjwa hukosa njia ya kupita.

Kwa hivyo makao ya mbwa hayawezi kumaliza tatizo yakiwa peke yake. Yanaokoa wachache. Idadi hupungua pale tu mwenye mbwa anapochanja na kufunga uzazi.

La kufanya nyumbani

Mfugaji anayetaka kuepuka hasara hizi azingatie yafuatayo:

• Mchanje mbwa wako dhidi ya kichaa kila mwaka, na utunze cheti. Siku ya kichaa cha mbwa duniani ni Septemba 28, na karibu na tarehe hiyo huwa na kampeni za chanjo za bure au za bei nafuu sehemu nyingi. Uliza ofisi ya mifugo iliyo karibu.

• Mhasi dume na kumfunga jike uzazi. Dume aliyehasiwa hazururi sana wala hapigani ovyo. Dai kwamba haendi kulinda boma si kweli.

• Usimpe mbwa matumbo mabichi, wala mahindi yenye ukungu. Zika kondo la nyuma na mizoga ya ndama kwa kina.

• Mpe dawa ya tegu yenye prazikwanteli kwa ratiba ya daktari. Usimwogeshe kwa dawa ya ng'ombe bila ushauri. Vipimo si sawa, na kuna jamii za mbwa ambazo ivamektini huweza kuwaua.

• Usitumie kinyesi cha mbwa kama mbolea ya mboga.

• Mtu akiumwa, osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha umkimbize hospitali akaanze sindano. Dalili zikishaanza, hakuna tiba ya kutegemea. Mbwa aliyeuma, ikiwezekana, afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10 badala ya kuuawa haraka.

• Ukishindwa kumtunza mbwa, piga simu makao kabla ya kumpeleka. Nchini Kenya, kumtelekeza mnyama katika hali ya kumletea mateso ni kosa chini ya sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Kwa mfanyabiashara mdogo, makao haya ni mteja wa kila wiki. Mwenye kinu cha kusaga anaweza kuuza unga wa daraja la pili ulio mkavu na safi. Muuza omena anaweza kuwapa zile zilizovunjika ambazo hazina soko mezani, mradi zisiwe na mchanga. Mwenye buchari hupata pa kupeleka mapafu na matumbo yaliyokaguliwa. Fundi wa juakali hutengeneza malango, vyombo na vibanda vya kusafirishia.

Ila kabla ya kupeleka mzigo, wakubaliane kwa maandishi juu ya kiasi, bei na siku ya malipo. Makao mengi huishi kwa michango inayokuja mwezi huu na kukosekana ujao, na mbwa 60 hawangoji mfadhili ndipo wale. Muuzaji anayempa mwenye makao mkopo wa wiki mbili, na kushikilia hapo, atalipwa. Anayempa wa miezi mitatu atawaweka wote wawili pabaya.